Kericho ni moja, majibu ni mawili: je, data ya joto la nyanda za juu inaaminika?

1. Msaili

Wanajamvi, salaam. Nina jambo limenikaa kooni, nami nalileta hapa kwa sababu humu wamo watu waliowahi kusoma vipimajoto kwa macho yao wenyewe.

Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Simon Hay na wenzake kuhusu kurudi kwa malaria katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Walichagua mahali panne: Kericho nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, Gikonko nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Wakachambua data ya joto na mvua kuanzia 1911 hadi 1995, wakahitimisha kwamba hapakuwa na badiliko la hali ya hewa linaloweza kuthibitishwa kitakwimu. Miaka tisa baadaye, yaani 2011, Judith Omumbo na wenzake wakachapisha katika Malaria Journal uchambuzi wa rejista za kituo cha Kericho cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kuanzia 1979 hadi 2009. Wao wakakuta joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila muongo.

Wote ni wasomi na wote wametaja Kericho ileile. Ikiwa mji mmoja unaweza kuwa umepata joto katika karatasi moja na haukupata katika karatasi nyingine, mkulima anayeambiwa abadilishe mbegu kwa sababu ya joto aamini karatasi ipi? Naomba majibu yenye ushahidi.

2. Mwanachai

Ndugu Msaili, karibu Kericho. Mimi ni mwenyeji wa huku, na jibu langu ni kwamba Kericho si moja kama kichwa cha uzi wako kinavyosema. Mashamba ya chai ya upande wa Timbilil yako zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai huwezi kuingia shambani bila sweta. Panda matatu mjini ukateremke kuelekea Awasi na Ahero, na koti utalivua njiani kabla hujafika kwenye mashamba ya mpunga. Safari hiyo haifiki hata nusu siku. Kabla ya kuuliza kama Kericho imepata joto, uliza kwanza waliopima walisimama wapi.

3. Mtakwimu

Mwanachai ametangulia kusema kile ambacho Jonathan Patz na wenzake walikiandika mwaka uleule wa 2002 walipoujibu utafiti wa Hay. Utafiti ule haukutumia rejista ya kituo kimoja kimoja. Ulitumia gridi iliyotengenezwa na kitengo cha utafiti wa hali ya hewa cha Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ambamo dunia imegawanywa katika visanduku vya nusu digrii, sawa na kilometa 55 hivi kila upande hapa kwetu karibu na ikweta. Kisanduku cha namna hiyo kinaweza kuumeza mlima wa chai pamoja na bonde la Nyando, kisha kikatoa wastani mmoja. Kwa kuwa joto la hewa hupungua takriban nyuzi 0.65 kwa kila meta 100 unazopanda, wastani huo haumwelezi mkazi wa juu wala wa chini.

4. HojaNzito

Mtakwimu, nakuheshimu, lakini maelezo yako yana tundu. Tofauti ya mwinuko inabadilisha kiwango cha joto, haibadilishi mwelekeo wake. Kisanduku kikikosea kwa nyuzi 3 mwaka 1950 na kikakosea kwa nyuzi 3 zilezile mwaka 1990, mstari wa kupanda bado utaonekana kama kweli upo. Kwa hiyo mlima na bonde havitoshi kueleza kwa nini kundi moja liliona mstari umelala na jingine likauona unapanda. Tafuteni sababu nyingine.

5. Mtakwimu

Hoja ya HojaNzito ni sahihi, na sababu nyingine zipo, tena mbili.

Ya kwanza ni namna gridi inavyojazwa. Ili kupata thamani ya kisanduku kisicho na kituo, programu huangalia vituo vya jirani, na kwa joto "jirani" anaweza kuwa umbali wa hadi kilometa 1,200. Kisanduku kinapokosa hata jirani huyo kwa mwezi fulani, huandikiwa wastani wa 1961 hadi 1990. Mahali ambapo vituo vimenyamaza, gridi haisemi "sijui". Inasema "hali ni ya kawaida". Ukizipanga "hali za kawaida" nyingi mfululizo utapata mstari uliolala, hata kama nje jua linawaka. Bara letu limeathirika na jambo hili kuliko Ulaya kwa sababu vituo vyetu ni vichache, na rejista nyingi hazikufika kwa waliotengeneza gridi.

Ya pili ni dirisha la miaka. Ukianza 1911 unachanganya miongo iliyopanda, iliyoshuka na iliyotulia. Mercedes Pascual na wenzake walirudi mahali palepale panne mwaka 2006, wakatumia data iliyosasishwa ya 1950 hadi 2002, wakaona kupanda kwa joto kote kunne. Halafu David Stern, ambaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa karatasi ya 2002, aliongoza kundi lililolinganisha matoleo tofauti ya gridi ileile ya East Anglia mwaka 2011. Toleo la zamani halikuonyesha mwelekeo unaothibitika. Matoleo mapya yaliuonyesha. Chuo ni kilekile na mahali ni palepale, ila data iliyoingizwa ilikuwa nzuri zaidi.

6. HojaNzito

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapozidi. Unaniambia kwamba toleo la zamani lilisema hakuna mwelekeo, likarekebishwa, sasa linasema upo. Mwenye duka akikuonyesha daftari la mwaka jana lenye hesabu tofauti na alizokuonyesha mwaka jana wenyewe, unamwomba akueleze kila mstari uliofutwa. Ndiyo maana Novemba 2009, barua pepe za kitengo kilekile cha East Anglia zilipovujishwa, watu wengi walishtuka kusoma maneno kuhusu kuficha mteremko.

7. Asumini

HojaNzito, maneno yale yalihusu pete za miti, ambazo hutumika kukadiria joto la zamani, wala si vipimajoto. Baadhi ya miti ya kaskazini iliacha kufuata joto baada ya 1960 hivi, na mjadala ulikuwa juu ya namna ya kuchora mchoro wa miti hiyo. Kamati ya Bunge la Uingereza na tume ya Muir Russell zilichunguza mwaka 2010. Hazikukuta data iliyoghushiwa, ila zililaumu usiri wa watafiti hao katika kuwapa wengine data yao. Lawama hiyo ni ya haki, na ningependa tuibakize mezani kwa jina lake halisi, yaani usiri, tusiigeuze kuwa wizi.

8. MpimajiMstaafu

Nawasalimu. Nimefanya kazi ya uangalizi wa hali ya hewa tangu enzi za rejista za karatasi, hivyo niruhusuni niwapeleke ndani ya kibanda cha vipimo, kwa sababu mnabishana juu ya gridi na barua pepe bila kugusa chanzo.

Kibanda ni sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vipande vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisiingie. Limesimama juu ya miguu ili vipimajoto viwe kati ya meta 1.25 na 2 kutoka kwenye majani. Ndani mna kipimajoto cha kiwango cha juu, chenye zebaki na mbano mwembamba karibu na tungi lake: joto likipanda zebaki hupenya, likishuka haiwezi kurudi, hivyo inabaki pale ilipofika hadi mwangalizi aikung'ute. Kando yake kuna cha kiwango cha chini, chenye spiriti na kijiti kidogo ambacho spiriti hukivuta kuteremka na kukiacha hapo. Tunasoma saa tatu asubuhi, tunasoma tena mchana, tunaandika, tunapanga upya.

Sasa tazameni panapoweza kuharibika. Rangi nyeupe ikibanduka, ubao hunyonya joto na kibanda husoma juu. Mti ukikua ng'ambo ya ua, kivuli hufika alasiri na kibanda husoma chini. Spiriti nayo, kituo kikiwa cha joto, huvukiza polepole na kuganda matone kwenye ncha ya juu ya mrija, na kila tone lililokwama kule juu linapunguza usomaji, hivyo unaweza kuandika usiku wa baridi ambao haukuwapo. Nimewahi kukuta kituo ambacho tone hilo lilikuwa limekaa muda mrefu, na rejista yote ya kipindi hicho ilikuwa baridi kuliko ya vituo vya jirani. Aliyesoma hakuwa mwongo, wala hakuna aliyemfundisha kuangalia ncha ya mrija. Rejista ile ukiiacha kama ilivyo kwa jina la data ghafi, umeuhifadhi ugonjwa. Ukiirekebisha bila kuandika ulichofanya, HojaNzito ana haki ya kulalamika.

9. Asumini

Shikamoo mzee. Nauliza kwa kujifunza: makosa haya yote uliyoyataja hayaelekei upande mmoja. Mengine hupandisha na mengine hushusha. Je, kwa vituo vingi hayafutani?

10. MpimajiMstaafu

Marahaba mwanangu. Yale ya bahati nasibu hufutana: mmoja amesoma 24.3 badala ya 24.1, mwingine kinyume chake. Yasiyofutana ni yale ya nchi nzima kubadilisha kitu kwa pamoja. Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki umezibana nchi wanachama ziache kutengeneza, kuagiza na kuuza nje vipimajoto vya zebaki, na vituo vingi vimehamia vya kidijitali. Hapo kosa dogo la kifaa kipya likiwapo, litakuwapo kila mahali, kuelekea upande uleule. Tiba yake ni kuviweka kifaa cha zamani na kipya kandokando kwa muda wa kutosha, na pale fedha zilipokosekana jambo hilo halikufanyika.

Makosa ya mtu mmoja nayo yasidharauliwe, hasa katika rekodi za kilele. El Azizia ya Libya ilishikilia taji la joto kali kuliko yote duniani, nyuzi 58, tangu tarehe 13 Septemba 1922, mpaka Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipolifuta mwaka 2012. Jopo lililochunguza, ambalo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Khalid El Fadli wa huduma ya hali ya hewa ya Libya, lilirudi kwenye karatasi yenyewe. Kifaa kilikuwa cha aina ya Six na Bellani, mrija wenye umbo la U na vijiti viwili vinavyosukumwa na zebaki. Kusoma sahihi ni kusoma ncha ya chini ya kijiti, na mgeni akisoma ncha ya juu anaongeza karibu nyuzi 7. Karatasi ya mwezi ule ilionyesha mwandiko mpya, na tarakimu zilizoingia kwenye safu isiyo yake. Miaka 90 dunia ilinukuu kijiti kilichosomwa vibaya.

11. HojaNzito

Mzee, ahsante sana, hii ndiyo lugha ninayoielewa. Lakini mwelekeo wa marekebisho ndio unaonitatiza. Nchini Marekani marekebisho yameongeza mwinuko wa mstari. Kwa nini kila likirekebishwa jambo, joto linapanda?

12. Kasuku wa Bergen

Huku ninakoishi, habari za bahari ni mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo nitaanza na bahari, ambayo ni sehemu kubwa ya uso wa dunia. Zamani mabaharia walichota maji kwa ndoo, zikiwamo za turubai, wakaipandisha ndoo sitahani, wakatumbukiza kipimajoto. Turubai lililolowa hupigwa upepo na maji yakapoa kabla hayajasomwa. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, ambayo husomeka na joto zaidi. Ukiunganisha vipande hivi viwili bila kurekebisha, utaona bahari imepata joto kwa wingi kuliko ukweli. Mwaka 2008 David Thompson na wenzake walionyesha ufa mkubwa mwaka 1945, vita vilipokwisha: sehemu ya vipimo vya meli za Kimarekani zenye kupima kwenye injini ilipungua ghafla, na ile ya Waingereza wa ndoo ikaongezeka.

Kwa hiyo marekebisho ya bahari yanapandisha joto la zamani, na yanapopandisha la zamani yanapunguza kasi ya kupanda. Ukijumlisha nchi kavu na bahari, marekebisho yote kwa pamoja yanapunguza ongezeko la muda mrefu la dunia. Mtu anayetaka data ghafi atupiwe mezani atapata dunia iliyopashwa joto zaidi kuliko ile ya wanasayansi.

13. Mtakwimu

Na kuhusu Marekani, sababu kubwa inajulikana. Wasomaji wa kujitolea walikuwa wakisoma na kupanga upya vipimajoto alasiri, kisha wengi wakahamia asubuhi. Ukipanga upya alasiri ya siku kali, joto lilelile linaweza kuhesabiwa mara mbili, leo na kesho; ukipanga asubuhi, baridi ndiyo inayohesabiwa mara mbili. Mabadiliko hayo ya saa yalileta baridi ya uongo, na kuiondoa kunapandisha mstari. Thomas Karl na wenzake waliieleza hesabu hiyo mwaka 1986, kabla ya ugomvi huu wa kisiasa kushika kasi.

Anthony Watts, mwanablogu wa Marekani mwenye mashaka na takwimu hizi, alifanya jambo jema mwaka 2007 alipowahamasisha watu kupiga picha vituo vya Marekani, na picha za vibanda vilivyokaa kando ya viyoyozi na lami ziliwatia watu aibu iliyostahili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, naye akiwa mmoja wa waandishi, ulikuta vituo vibovu vinapotosha viwango vya juu na vya chini kwa pande zinazopingana, huku mwelekeo wa wastani ukikaribia kuwa uleule. Richard Muller wa Berkeley, ambaye alikuwa na mashaka kama yako, alikusanya vituo zaidi ya 36,000 akaanza hesabu upya, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye mfuko wa familia ya Koch, matajiri wa mafuta wa Marekani. Mwaka 2012 alitangaza hadharani kwamba joto la nchi kavu limepanda kwa nyuzi 1.5 hivi katika miaka 250.

14. HojaNzito

Muller, Watts na ndoo za Waingereza nimewasikia. Uzi huu unahusu Kericho, nami nawarudisha nyumbani.

John Christy, ambaye kabla ya kuwa mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa mwalimu nchini Kenya, alichapisha na wenzake mwaka 2009 katika Journal of Climate uchambuzi wa vituo 60 vya Kenya na 58 vya Tanzania. Katika eneo lenye data nyingi zaidi, lile linalobeba Nairobi, Kilimanjaro na Mlima Kenya, joto la juu la mchana tangu 1905 halikuonyesha mwelekeo unaotofautiana na sifuri. Kilichopanda ni joto la chini la usiku. Maelezo yao ni kwamba hewa ya usiku imetulia karibu na ardhi, kwa hiyo inaguswa kwa urahisi na majengo, mashamba na moshi wetu. Mchana hewa huchanganyika hadi juu, na ndiyo inayoonyesha hali ya anga lenyewe. Kama ni hivyo, wastani wa mchana na usiku unaotumiwa na kila mtu unachanganya mambo mawili yasiyofanana.

15. Mwanachai

Lakini Omumbo alikuta vyote vitatu, cha juu, cha chini na wastani, vimepanda Kericho. Hakuna jiji pale kituoni. Kuna chai, na chai ilikuwapo 1979 kama ilivyo leo.

16. HojaNzito

Chai ilikuwapo, ndugu yangu, ila msitu wa Mau ulikuwa mkubwa zaidi. Ukikata msitu upande wa upepo, huwezi kutegemea mchana wa jirani ubaki vilevile. Nakubali kipimajoto cha Kericho. Ninachouliza ni kama kinapima dunia au kinapima Mau.

17. Asumini

Swali hilo ni zuri na sijaona limejibiwa hapa. Naongeza tu kwamba Christy huyohuyo, pamoja na Roy Spencer, ndio waliotengeneza rekodi ya joto la anga kwa setilaiti, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionyesha ongezeko dogo mno. Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha mwaka 1998 kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka kidogo kidogo na kushuka huko kulileta baridi ya uongo. Mwaka 2005 likagunduliwa kosa la alama ya kujumlisha na kutoa katika hesabu ya saa ambazo setilaiti hupita. Setilaiti nayo hurekebishwa, tena sana, kwa sababu haina kipimajoto ndani ya hewa. Inapima mnururisho, kisha watu wanakokotoa.

18. Kibosho

Jamani, mnahangaika na vipimajoto na sisi tuna Kilimanjaro mbele ya macho. Mwaka 1912 barafu ilienea takriban kilometa za mraba 12, mwanzoni mwa karne hii zilibaki kama 2.5. Barafu haipokei ruzuku ya mtu.

19. Mtakwimu

Kibosho, mlima wako ni shahidi mgumu kuliko unavyofikiri. Vilele vile viko kwenye hewa ambayo wastani wake ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao wanaeleza kwamba barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, ilianza kupungua kuelekea mwisho wa karne ya 19, hewa ilipokauka: theluji ikawa haba, mawingu yakapungua, jua likaila barafu moja kwa moja hadi kuwa mvuke. Lonnie Thompson, aliyechimba mihimili ya barafu huko juu, alilitazama jambo hilohilo kwa jicho la joto, na mwaka 2002 kundi lake likakadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haijaisha. Hilo halifuti joto la dunia, ila linatuonya tusiufanye mlima kipimajoto.

20. Kibosho

Hata ukame huo hautoki hewani tu bila sababu. Kama Bahari ya Hindi ndiyo iliyobadilika na kutunyima mawingu, basi joto linarudi kwa mlango wa nyuma. Mlima wetu usiutoe kwenye kesi upesi hivyo.

21. Mvuvi wa Ujiji

Wanajamvi, kama mnataka kipimajoto kisichohamishwa wala kupakwa rangi, njooni Ziwa Tanganyika. Vipimo vya maji yake viliwahi kuchukuliwa mwaka 1913, na Catherine O'Reilly na Piet Verburg, kila mmoja na kundi lake, walichapisha mwaka 2003 wakionyesha kwamba maji yamepata joto hata kwenye kina kirefu. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa, wakasema joto la uso wake mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kufikiwa katika miaka 1,500. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini yenye rutuba, mwani unapungua, na dagaa wanapungua. Sisi tunaoingia ziwani usiku kwa taa tunauona upungufu huo kwenye neti.

22. Kasuku wa Bergen

Pole na kazi, ndugu mvuvi. Joto la maji sina ubishi nalo. Lakini Jouko Sarvala na wenzake waliujibu utafiti wa O'Reilly mwaka 2006 wakisema kwamba takwimu za samaki zilifuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe: meli za kampuni, zana, idadi ya wavuvi. Kipimajoto cha maji kinaweza kuwa kweli na maelezo ya dagaa yakawa na mgogoro.

23. Tabibu wa Wilaya

Ni vilevile kwa malaria, ambako uzi huu ulianzia. Vimelea vya malaria vya aina ya falciparum havikamilishi ukuaji wao ndani ya mbu hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, kwa hiyo nusu nyuzi huko Kericho ina uzito kuliko nusu nyuzi huko Mombasa. Lakini katika miaka ileile dawa ya klorokwini ilikuwa inashindwa, na Kenya iliiacha rasmi mwaka 1998. Wafanyakazi wa mashambani wakawa wanasafiri kwenda na kurudi mabondeni. Baadaye vyandarua na dawa mpya zilipokuja, wagonjwa Kericho walipungua huku joto likiendelea kupanda. Naomba tusimhukumu mpima joto kwa sababu ya ubishi wa waganga.

24. Mkazi wa Huye

Nasoma kimya tangu mwanzo, na Gikonko iliyotajwa na Msaili iko mkoani kwetu. Ni nani kati yenu aliyejiuliza rejista za Rwanda ziko wapi? Baada ya 1994 vituo vyetu vingi vilinyamaza, na ukimya huo ulidumu takriban miaka 15. Waliokuwa wakisoma vipimajoto waliuawa au walikimbia. Baadaye mamlaka ya hali ya hewa, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia akiwamo Tufa Dinku, walijaza pengo hilo kwa kuunganisha setilaiti, hesabu za kompyuta na vituo vichache vilivyobaki. Ramani hizo ni nzuri na wakulima wetu wanazitumia. Lakini mimi huumia nikiona mstari unapita juu ya miaka ile bila hata rangi tofauti, kana kwamba palikuwa na mtu kibandani kila asubuhi.

25. Mtakwimu

Ndugu wa Huye, ahsante, na naungana nawe: kilichojazwa kichorwe kwa rangi yake. Wapo waliojaribu kupima uaminifu wa vituo kwa kuviacha kabisa. Gilbert Compo na wenzake mwaka 2013 walijenga upya hali ya hewa ya karne ya 20 kwa kutumia hasa kanieneo ya hewa na joto la uso wa bahari, bila kipimajoto hata kimoja cha nchi kavu, na joto la nchi kavu likajitokeza likipanda kwa namna inayolingana na ya vituo. Ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapotaja nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900 kwa mwaka 2024, likitumia seti sita za data, mimi silali macho kwa ajili ya dunia nzima.

26. HojaNzito

Kwa dunia nzima nimekuwa nikisikiliza tangu namba 12, na sioni pa kuishambulia jumla hiyo. Kwa wilaya moja bado nakataa. Nyuzi 0.2 za Kericho zinaweza kuwa za dunia, za Mau, za Bahari ya Hindi, au za kibanda kilichobanduka rangi, na hakuna aliyenionyesha namna ya kuzigawanya. Mkulima wa Msaili haishi kwenye wastani wa dunia.

27. Msaili

Nashukuru wote. Kumbe karatasi ya 2002 ilisoma gridi, na ya 2011 ilisoma kituo, hilo nimelielewa. Swali lililobaki kwangu ni la mzee Mpimaji: rejista za kabla ya 1979 ziko wapi?

28. MpimajiMstaafu

Tangu 1929 palikuwa na idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua njia yake, na karatasi nazo ziligawanyika, nyingine zikabaki kwenye makabati ambayo hakuna aliyeyafungua kwa muda mrefu. Kuna zilizoliwa na mchwa. Kuna zilizo salama kabisa, zinangoja mtu wa kuziingiza kwenye kompyuta. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tunabishana juu ya programu za Uingereza ilhali ushahidi uko kwenye makabati yetu.

29. Mwanachai

Mashamba makubwa ya huku yana vitabu vyake vya mvua na joto, tofauti na vya serikali. Mzazi wangu alikuwa karani katika shamba mojawapo na vitabu hivyo nilivifahamu utotoni. Nitaomba ruhusa nivipige picha, kurasa zote.

30. MpimajiMstaafu

Fanya hivyo, mwanangu, lakini anza na ukurasa wa jalada la ndani, ambao watu huuruka. Huko ndiko huandikwa aina ya kipimajoto, saa ya kusoma, na mahali kibanda kilipohamishiwa. Picha za tarakimu bila ukurasa huo, HojaNzito atazikataa, na mimi nitakuwa upande wake.

31. HojaNzito

Piga na ukurasa wa mwisho pia. Waangalizi waliandika huko mambo yasiyo na safu: kibanda kimepakwa rangi, mti umekatwa, msomaji yuko likizo.